Njoo Mwisho wa Mwezi

Hoja iliyo mezani ni hii: sheria ya kazi ya Tanzania haimfikii anayeihitaji zaidi. Nimeikabidhi kwa sauti nne. Watu wenyewe nimewabuni, lakini maneno yao utayasikia Temeke, Buguruni au Gongo la Mboto siku yoyote ambayo malipo yamechelewa. Yuko Mwenye Bekari, mama aliyeajiri watu kumi na mmoja na anayeamka kabla yao wote. Yuko Msambazaji, kijana aliyeendesha guta la mikate kwa miaka miwili katika bekari nyingine, kisha akaambiwa apumzike. Yuko Mzee, aliyekuwa mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi kwenye kiwanda cha nguo. Wa nne ni Msaidizi wa Sheria, mmoja wa wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Huduma yake ni bure, kwa hiyo hana sababu ya kurefusha maneno. Mimi naongoza kikao, na sitaahidi kukaa kimya.

MSAMBAZAJI: Shikamooni. Mimi mkataba sikuwahi kuuona. Nilianza kwa kutwa, nikaambiwa nikizoea nitaandikishwa. Nikazoea. Saa kumi alfajiri napakia kreti, natoka na guta la bosi, nazunguka Mtoni, Azimio mpaka Tandika, saa tano narudi na hela na marejesho. Ikipungua inaandikwa shoti. Mkate uliolowa mvua, shoti. Duka limekopa na mwenyewe kasafiri, shoti. Mkate uliominywa na kreti la juu, shoti. Jumamosi bosi anafungua kaunta buku, anatoa shoti kwenye hela ya wiki, mimi nasaini. Kuna Jumamosi nilitoka pale nadaiwa mimi.

Siku ya mwisho hakuna aliyenifukuza. Bosi alisema, "Biashara mbaya mwanangu, pumzika kidogo, njoo mwisho wa mwezi nikuangalie." Nikaenda mwisho wa mwezi, akasema njoo tarehe kumi. Nikamtuma mjomba, maana wanaswali msikiti mmoja. Mjomba akarudi na salamu. Wiki iliyopita nikaliona guta langu Azimio, lina mtu mwingine. Leo ni siku ya arobaini na moja.

MWENYE BEKARI: Marahaba, mwanangu, na pole. Ila naomba mtu asinitazame kama mimi ndiye huyo bosi. Mwajiri mdogo naye ana yake. NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na angalau nusu natoa mimi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unataka chake. Ukifikisha watu kumi, unaingia kwenye tozo ya ufundi stadi. Mnajua ndiyo maana wenzangu wengi wanasimama kwenye tisa? Wa kumi anabaki deiwaka mpaka anaota mvi. Unga unapanda bila kuniandikia barua. Halafu mwaka fulani nikamkamata fundi wangu wa tanuri saa nane usiku, kiroba cha unga kiko begani. Nikamfukuza palepale. Akaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, akashinda. Mwizi akalipwa na niliyeibiwa! Niambieni kama hiyo ni haki.

MSAIDIZI WA SHERIA: Mama, Tume haikusema kwamba hakuiba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamuuliza mwajiri maswali mawili: ulikuwa na sababu halali, na ulifuata utaratibu wa haki? Na mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha yote mawili. Sababu ulikuwa nayo. Utaratibu ulibaki kwenye hasira. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinataka mtuhumiwa apewe tuhuma, apate muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, aje na mwenzake au mwakilishi wa chama, asikilizwe, ndipo uamuzi utolewe. Ungemsimamisha siku mbili ukaandika karatasi mbili, kesi ungeshinda.

MWENYE BEKARI: Saa 48 za mtu aliyekamatwa na kiroba begani?

MSAIDIZI WA SHERIA: Saa hizo ni za kukusaidia wewe pia. Kuna siku kiroba kitakuwa kimewekwa begani na mtu mwingine.

Katika hili mimi namuonea huruma mama. Sheria ilipotungwa iliweka fidia ya kuachishwa kazi isivyo halali isiyopungua mishahara ya miezi 12, na kwa muda mrefu waamuzi waliichukulia hivyohivyo: kosa la karatasi na kosa la uonevu vilikaa kwenye mizani moja. Baadaye Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba pale sababu ilipokuwa halali na kilichokosewa ni utaratibu tu, fidia inaweza kushuka chini ya hapo. Marekebisho ya mwaka 2025 yakakigusa tena kifungu hicho. Asikudanganye mtu mtaani kwamba kila anayeshinda Tume anaondoka na miezi 12. Lakini pia mama asitudanganye kwamba utaratibu ni anasa ya makampuni makubwa. Bekari yenye watu kumi na mmoja inaweza kufanya kikao cha nidhamu nyuma ya tanuri, mradi mtu aandike kilichosemwa.

MZEE: Mnaongea karatasi, karatasi. Enzi zetu ukifukuzwa, kamati ya wafanyakazi ilijua kabla ya mkeo. Sheria ya Usalama wa Ajira ya 1964 iliweka kamati hizo viwandani, na meneja hakumgusa mtu bila kupita kwao. Ukaja Mwongozo wa TANU wa 1971, uliokataza kiongozi kuwa na kiburi na ubabe. Tulikuwa tunausoma kwa sauti mbele ya meneja! Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel hapa Dar es Salaam walimfungia nje mwenye kiwanda, wakaendelea kuzalisha wenyewe. Leo kijana ananyang'anywa guta kwa salamu za msikitini.

MSAIDIZI WA SHERIA: Mzee wangu, na chama chenyewe kilikuwa cha nani? Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilivunjwa mwaka 1964 kikaundwa chama cha NUTA, kimoja tu nchi nzima, chini ya chama tawala. Ukigombana na meneja wa shirika la umma, chama chako na mwajiri wako walikuwa na baba mmoja.

MZEE: Baba mmoja, sawa, lakini nilikuwa na mtu wa kumwendea asubuhi ileile. Yeye alikuwa na nani?

Swali la Mzee limepita haraka na nalirudisha. Wafanyakazi wengi wa aina ya huyu kijana hawafikirii chama kwa sababu wanadhani chama ni cha walimu, bandari na reli. Sheria ya sasa haisemi hivyo. Mahali pa kazi penye wanachama kuanzia mmoja hadi tisa wa chama kilichosajiliwa, wanachama hao wana haki ya mwakilishi mmoja. Wakifika kumi hadi ishirini, wawakilishi watatu. Maana yake, bekari ya mama huyu inaweza kuwa na mtu wa kukaa kwenye kile kikao cha nyuma ya tanuri, bila bendera wala mgomo. Kwa nini haitokei? Wanachama huchangia kutoka kwenye mshahara, na mtu anayelipwa Jumamosi baada ya shoti hana mshahara wa kuchangia. Vyama navyo, nasema bila kuvipaka rangi, huenda kwanza kwenye orodha ndefu za malipo. Watu watano wa guta ni gharama ya nauli tu kwao.

MWENYE BEKARI: Tuseme ukweli basi. Huyu mtoto hana mkataba, hana kitambulisho, hana stakabadhi ya mshahara. Tume atawaonyesha nini?

MSAIDIZI WA SHERIA: Baba, hela ulikuwa unalipwa mkononi?

MSAMBAZAJI: Mwaka wa kwanza mkononi. Baadaye kwa simu, kila Jumamosi, kutoka namba ya bosi.

MSAIDIZI WA SHERIA: Usifute meseji hata moja, na usiuze hiyo simu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hiyo. Sasa sikilizeni. Sheria ya kazi inatambua mikataba ya aina tatu: usio na muda maalumu, wa muda maalumu, na wa kazi maalumu. Kibarua wa miaka miwili hayumo. Tena Sheria ya Taasisi za Kazi, pacha wake wa mwaka uleule wa 2004, inasema mtu atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwepo hata jambo moja kati ya kadhaa. Anafanya kazi kwa maelekezo ya mwingine. Saa zake zinapangwa na mwingine. Vifaa ni vya huyo mwingine. Amemfanyia kazi wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Anamtegemea kwa riziki. Guta la nani?

MSAMBAZAJI: La bosi.

MSAIDIZI WA SHERIA: Nani anapanga utoke saa kumi na uanzie Mtoni?

MSAMBAZAJI: Bosi.

MSAIDIZI WA SHERIA: Na kaunta buku la shoti liko wapi?

MSAMBAZAJI: Kwake. Lina saini yangu kila Jumamosi, miaka miwili.

MSAIDIZI WA SHERIA: Basi mkataba wako ni lile daftari, na limetunzwa na yeye mwenyewe. Ukidai kwamba mlikubaliana ujira fulani na yeye akashindwa kuleta maandishi, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha, wala si juu yako. Sheria ilimtaka akupe masharti ya kazi kwa maandishi, na kama huyaelewi akueleze kwa namna utakayoelewa. Hakufanya. Hawezi kutumia uzembe wake kukunyima.

Nalisogeza daftari hili karibu kidogo, kwa sababu ndani yake kuna kesi nyingine ambayo watu hawaioni. Shoti imezoeleka mno kwenye vituo vya mafuta, kwenye baa na kwa wasambazaji wa soda na mikate, mpaka inadhaniwa ni sehemu ya kazi. Sheria ya 2004 inaruhusu kukata hasara kwenye ujira, lakini kwa masharti. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi. Apewe kwa maandishi chanzo, kiasi na hesabu yake. Apewe nafasi ya kupinga. Makato yasizidi hasara yenyewe, na kwa jumla yasipite robo ya ujira wake. Sasa pima. Mvua si kosa la kijana. Duka lililokopa ni biashara ya bosi, na faida yake ikija haigawanywi na mwendesha guta. Ile Jumamosi aliyotoka anadaiwa ilivuka robo, ikavuka nusu, ikavuka yote. Saini yake chini ya ukurasa haionyeshi kwamba alipewa nafasi ya kupinga, inaonyesha tu kwamba alikuwa na kalamu.

MWENYE BEKARI: Na mimi nina daftari kama hilo. Nisipokata, mikate itakuwa inayeyuka njiani kila siku.

MSAIDIZI WA SHERIA: Kata, mama, kwa aliyekosa, baada ya kumsikiliza, usipite robo. Mvua ubebe wewe.

MZEE: Haya, kijana ana daftari, ana meseji, ana sheria mbili. Aende Tume kesho, kuna tatizo gani?

MSAIDIZI WA SHERIA: Siku ya arobaini na moja, mzee. Hilo ndilo tatizo.

Hapa ndipo mjadala huu ulipokuwa unaelekea tangu mwanzo, na ndipo ninapouona msimamo wangu. Kwa kanuni za 2007, mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Madai mengine ya kazi yana siku 60. Wasio na bahati wengi hawashindwi kwa kukosa sheria, wala kwa kukosa ushahidi. Wanatumia siku zao 30 kuomba. Wanamtuma mjomba, mwenyekiti wa mtaa, mchungaji, shemeji anayefahamiana na shemeji wa bosi. Ndivyo tulivyolelewa: mwenye ugomvi na mkubwa hatangulii kwenda serikalini, anatanguliza mtu mzima. Anayekwenda Tume siku ya tatu anaonekana mkorofi hata na familia yake, na pengine bosi mwingine atasikia. Bosi naye, kwa ujanja au kwa wema wa kweli, hasemi "nimekufukuza". Anasema "njoo mwisho wa mwezi". Maneno hayo ni ya upole na yana urefu wa siku 30. Na mahakama zetu zimeshasema kwamba mazungumzo ya nje hayasimamishi muda. Anayechelewa lazima aombe kuongezewa muda na aeleze kila siku aliyochelewa. "Nilikuwa nasubiri huruma" haihesabiki.

MWENYE BEKARI: Lakini sisi waajiri nasi tunahitaji kujua jambo limekwisha. Nimeshaajiri mwingine, nimeshamfundisha njia.

MSAIDIZI WA SHERIA: Ni kweli, na sipingi kuwepo kikomo. Tuangalie kwanza kesi ya huyu. Muda huhesabiwa tangu tarehe ya kuachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho wa kumwachisha. Sasa huyu aliachishwa lini? Siku aliyoambiwa apumzike, au wiki iliyopita alipoliona guta Azimio? Bosi atasema siku ile ya kwanza. Wewe utasema hukuwahi kuambiwa umeachishwa, uliambiwa urudi, na ulirudi. Hoja hiyo ina uzito, ila usiitegemee peke yake. Pamoja na fomu namba moja ya Tume peleka maombi ya kuongezewa muda na hati ya kiapo: tarehe ulizokwenda, aliyekuwepo, alichosema bosi. Mjomba naye aape. Na shoti zako na likizo ambazo hukupewa, ambazo kwa sheria ni siku 28 kwa mwaka, zidai leo hii, kwa sababu siku 60 hazijaisha tangu uondoke. Kiinua mgongo ni ujira wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilisha.

MSAMBAZAJI: Na notisi?

MSAIDIZI WA SHERIA: Siku 4.

MZEE: Ngapi?

MSAIDIZI WA SHERIA: Nne. Anayelipwa kwa mwezi ana siku 28. Anayelipwa kwa siku au kwa wiki ana 4. Jumamosi zile zilimpunguzia na hilo.

Mzee alitikisa kichwa kwa muda. Nami naongeza kwamba "biashara mbaya" ni sababu inayotambulika kisheria, lakini nayo ina njia yake: kutoa taarifa, kueleza sababu na kushauriana na wahusika kabla ya kumpunguza yeyote. Mwajiri anayepunguza watu kwa shida ya biashara, halafu analipakia guta lilelile kwa mtu mpya, amejibu swali kabla hajaulizwa. Bosi mwenye hesabu kali zaidi hungoja mwezi wa tano wa ajira tu, kwa sababu aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri yuleyule halindwi na masharti ya kuachishwa isivyo halali. Ukiona sehemu ambayo sura zinabadilika kila baada ya miezi mitano, usidhani ni vijana wa siku hizi hawatulii.

MSAIDIZI WA SHERIA: Turudi kwenye muda. Wenzetu Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mtu miaka 3 ya kufungua madai. Na kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi anahesabiwa kuwa na mkataba wa kawaida.

MWENYE BEKARI: Miaka mitatu! Si nitakuwa nimeshahama na tanuri?

MSAIDIZI WA SHERIA: Ila huko fidia ina dari: haizidi mishahara ya miezi 12. Sisi tulianzia kwenye 12 kama sakafu.

Kwa hiyo Kenya mlango uko wazi kwa muda mrefu na chumba ni kidogo; kwetu chumba kilijengwa kikubwa, mlango ukafungwa mapema. Sishangai kwamba waajiri wa Tanzania wanalalamikia ukubwa wa chumba na wafanyakazi wanalalamikia mlango. Kama ningeulizwa, ningeufungua mlango hadi siku 90. Hakuna mwajiri atakayefilisika kwa siku 60 za ziada, na Tume haina ada, kwa hiyo kinachomzuia mtu wa guta ni muda tu.

MWENYE BEKARI: Siku 90 naweza kuishi nazo.

MZEE: Mimi sizitaki. Mkiongeza hadi 90, bosi atasema njoo baada ya miezi mitatu.

MSAIDIZI WA SHERIA: Mzee anasema kweli. Mimi ningetaka siku zisimame kwa maandishi. Mwajiri akitaka mazungumzo, aandike mstari mmoja kwamba wako kwenye mazungumzo, na siku zisihesabiwe mpaka aandike kwamba yamevunjika.

MWENYE BEKARI: Dada, hakuna bosi atakayeandika mstari huo. Hata mimi nisingeandika.

MSAIDIZI WA SHERIA: Basi mfanyakazi atajua siku hiyohiyo kwamba hakuna mazungumzo, achukue fomu.